Vinundu vya Ngozi vya Kurithi na Saratani: Maswali Tunayoulizwa Kliniki, Mombasa

Mimi ni muuguzi. Miaka mingi ya kazi yangu imepita kwenye kliniki za ngozi, kisiwani na ng'ambo ya Likoni. Wengi wanaokuja kwetu wana mba, fangasi, chunusi au upele wa joto. Lakini mara moja moja huingia mtu aliyejitanda leso hadi shingoni, kwenye joto la Februari, na akiifunua unaona vinundu kumi, hamsini, mia. Huwa hataki kwanza kujua ugonjwa unaitwaje. Huuliza: "Hii ni kansa?" Ukurasa huu nimewaandikia watu hao na jamaa zao. Maswali nimeyaweka kama yanavyonijia, kwa hiyo msishangae mengine yakiwa marefu na mengine mafupi.

Nina vinundu mwili mzima. Ni saratani?

Mara nyingi, hapana. Vinundu laini vilivyoanza ukiwa kijana, vikaongezeka polepole mwaka baada ya mwaka, havitoi damu, na mamako au shangazi yako anavyo kama hivyo, hivyo vinaelekea kwenye ugonjwa wa kurithi. Na vingi vya aina hiyo havigeuki kuwa saratani.

Ninachokiangalia kwanza ni mwendo. Vinundu vilivyoujaza mwili kwa wiki au miezi michache ni habari nyingine. Vya rangi ya zambarau au vyeusi miguuni na ndani ya kinywa vinaweza kuwa Kaposi, saratani ambayo mara nyingi huandamana na virusi vya UKIMWI. Vinundu vya masikioni na usoni pamoja na mabaka yaliyokufa ganzi vinaweza kuwa ukoma. Ndiyo, ukoma bado upo Pwani, na unatibika kabisa kwa vidonge vya bure. Basi jina ulilolipata kwenye simu lisikutoshe. Mwenye vinundu vipya aonwe na daktari.

Kwetu wengi tuna keloidi, au uvimbe wa mafuta, au vidoa vyeusi vya usoni. Na sisi tumo?

Hapana. Keloidi ni kovu lililokosa breki. Huenda kwa ukoo, huwasha, hukera, lakini si saratani. Uvimbe wa mafuta, ule unaoteleza chini ya kidole ukiubonyeza, una koo zake pia na hauna shari, isipokuwa ukizidi sentimita 5 hivi au ukianza kukua kwa kasi. Vile vidoa vyeusi vidogo mashavuni ambavyo nyanya anavyo na mama anavyo ni pambo la uzee tu. Usivikwangue.

NF1 ni nini hasa?

Jina lake kamili ni nyurofibromatosisi aina ya kwanza. Kati ya magonjwa yote ya ukurasa huu, huu ndio tunaouona zaidi: duniani humpata mtu mmoja katika kila watu 3,000 hivi, wa kila rangi na kila kabila. Friedrich von Recklinghausen, daktari wa Kijerumani, aliueleza kwa kirefu mwaka 1882, ndiyo maana vitabu vya zamani vinauita kwa jina lake.

Chanzo ni jeni moja iliyo kwenye kromosomu ya 17. Kazi ya jeni hiyo ni kutengeneza protini inayoziambia seli "basi, tulia." Ikiwa na hitilafu, seli zinazozunguka neva, yaani mishipa ya fahamu, huendelea kuongezeka pasipo kuambiwa zikome, na hapo ndipo kinundu kinapoota. Kwa sababu neva zimeenea mwili mzima, vinundu navyo huweza kutokea popote: mgongoni, tumboni, kwenye kope, hata kuzunguka chuchu.

Huongezeka hasa wakati wa kubalehe na wakati wa ujauzito. Wanawake wengi hunambia, "Vilinishika nilipobeba mimba ya kwanza." Havikuletwa na mimba. Vilikuwa njiani, mimba ikavisukuma.

Mtoto wangu ana mabaka ya kahawia tangu kuzaliwa. Nihesabu vipi?

Mvue nguo zote, mchana, karibu na dirisha, kisha chukua rula ya shule ya nduguye. Mabaka tunayoyatafuta ni bapa, laini, yasiyowasha, yenye mpaka unaoonekana. Kwa Kifaransa yanaitwa kahawa ya maziwa, lakini kwa ngozi zetu ni kama tone la kahawa tungu lililomwagika kwenye kitambaa na kukauka. Kwa mtoto ambaye hajabalehe, hesabu yale yanayozidi milimita 5, yaani kama punje ya mbaazi. Kwa mtu mzima, yale yanayozidi milimita 15, kama ukucha wa kidole gumba. Yakifika sita au zaidi, mlete.

Baka moja au mawili si kitu. Watu wengi wanayo. Na hata sita peke yake hayatoshi kusema ni NF1, kwani kuna ugonjwa mwingine uitwao Legius wenye mabaka kama hayo lakini vinundu hauna. Ndiyo sababu tunainua mikono ya mtoto kutazama kwapani. Vidoadoa vidogo kwapani na kwenye kinena, mahali ambapo jua halifiki, ni ishara nzito. Mama mmoja kutoka Kisauni aliniletea daftari la mraba; alikuwa amechora mwili wa mwanawe, mbele na nyuma, na kila baka ameliandikia namba na upana wake. Daktari alilitazama lile daftari kuliko alivyoitazama barua ya rufaa.

Mtoto wa aina hii lazima aonwe na daktari wa macho kila mwaka, hasa kabla ya kufika miaka 7 au 8. Katika kila watoto 100 wenye NF1, kama 15 hupata uvimbe kwenye neva ya jicho. Mara nyingi hukaa kimya, lakini ukikua unaweza kuchukua uwezo wa kuona, na mtoto mdogo hajui kusema kuwa jicho moja limefifia.

Je, NF1 inageuka kuwa saratani?

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoogopa lisilotisha na kulipuuza linalotisha.

Vile vinundu vidogo vya juu ya ngozi havigeuki. Uwe navyo kumi au elfu moja, wingi wake haukuongezei hatari ya kuwa kimoja kitageuka. Vinakera, vinachubuka kwa nguo, watu wanakodoa macho. Lakini vyenyewe si saratani inayosubiri.

Uvimbe wa kuangaliwa ni ule mkubwa wa ndani unaofuata neva kubwa, ambao karibu nusu ya wenye NF1 wanao, na mara nyingi huzaliwa nao. Unaweza kuwa shingoni, pajani, mgongoni, au ndani kabisa mahali pasipoonekana. Ukiubonyeza ni kama kubonyeza tambi zilizopikwa zikatiwa mfukoni. Huu ndio unaoweza kugeuka saratani ya ala ya neva, yaani ganda linaloifunika neva. Katika kila watu 100 wenye NF1, kati ya 8 na 13 hupata saratani hiyo maishani mwao, na wengi huipata wakiwa bado vijana, miaka ya ishirini na thelathini.

Dalili zake ni hizi, na naomba mzishike hata kama mtasahau mengine yote: maumivu yasiyokwisha, hasa yanayokuamsha usiku, uvimbe uliokuwa umetulia ukaanza kukua haraka, uliokuwa laini ukawa mgumu, mkono au mguu ulioanza kulegea au kufa ganzi. Moja tu latosha. Usingoje yatimie yote.

Nakumbuka hamali mmoja wa Marikiti. Uvimbe wa pajani alikuwa nao tangu utoto, na gunia la viazi alilibeba bila taabu. Ulipoanza kumuuma alidhani ni kazi tu, akawa anachuliwa kwa mafuta ya nazi kila jioni. Miezi minne. Alipokuja kwetu hakulalamikia uvimbe; alilalamika kwamba halali. Nilipougusa ulikuwa mgumu kama kifuu upande mmoja na laini upande wa pili. Alipasuliwa, na mguu wake anao, lakini ile miezi minne daktari wa upasuaji aliitaja zaidi ya mara moja.

Kuna mengine mawili. Wanawake wenye NF1 hupata saratani ya matiti mapema kuliko wengine, kwa hiyo picha ya matiti huanza wakiwa na miaka 30, si 40 wala 50. Pili, presha. Mwenye NF1 apimwe presha kila anapokwenda hospitali, hata kama amekwenda kwa jino. Presha inayopanda na kushuka pamoja na jasho, moyo kwenda mbio na kichwa kuuma huweza kutoka kwenye uvimbe wa tezi iliyo juu ya figo, na uvimbe huo usipojulikana kabla ya upasuaji, mgonjwa anaweza kufia mezani kwa sababu ya dawa ya usingizi.

Wazee wanasema kinyama kikiguswa na kisu kinaamka. Kweli?

Si kweli. Kisu hakigeuzi kinundu kuwa saratani. Naelewa lakini imani hii ilikotoka: zamani, na hata leo, watu walikwenda kupasuliwa saratani ikiwa imeshaenea. Wakapasuliwa, wakafa, jamaa wakalaumu kisu.

Sababu za kweli za kufikiria kabla ya kukata ni nyingine. Ngozi zetu huota makovu, na unaweza kutoa kinundu ukabaki na keloidi kubwa kuliko kinundu chenyewe. Ule uvimbe mkubwa wa ndani una damu nyingi na umeshikamana na neva, kwa hiyo si wa kukatwa kwenye chumba cha vidonda na mtu yeyote mwenye wembe na ganzi.

Jambo moja la kushikilia: chochote kilichokatwa kiende maabara. Mara nyingi utakabidhiwa wewe mwenyewe kichupa ukipeleke. Kinyama kiwe ndani ya formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, si maji ya chumvi, si spiriti, na jina lako liandikwe kwenye kichupa chenyewe, si kwenye kifuniko. Majibu yakitoka, karatasi hiyo ni mali yako na ya wanao. Itunze pamoja na hati ya kuzaliwa. Wamekuja wagonjwa wengi kwetu wakisema "nilitolewa kinyama mwaka fulani, wakasema si kitu," na hakuna karatasi wala anayekumbuka aliyesema.

Inaambukiza?

Hapana. Si kwa kugusana, si kwa taulo, si kwa kunyonyesha, si kwa kitanda cha mumeo. Anayehama kiti kwenye matatu anajisumbua bure.

Mama aliambiwa ni hasidi, au ni jini, au alimcheka mtu mwenye vinundu akiwa na mimba.

Mzigo huu hubebeshwa mama kila mara, na sijapata kumuona baba akiulizwa alimcheka nani. Hitilafu ya jeni hutokea kabla mimba haijaonekana, na haijui kicheko.

Kisomo simkatazi mtu. Anayetaka kusomewa asomewe, apate utulivu. Ninachokataza ni kuchanja chale juu ya vinundu, kuvifunga uzi, na kuvipaka dawa za kuchoma zinazouzwa kwenye vichupa visivyo na jina. Kwanza, vidonda vyake haviponi vizuri. Pili, kidonda au kovu la kuungua lililokaa wazi miaka mingi linaweza lenyewe kugeuka saratani ya ngozi. Hilo limethibitika, na huku kwetu Afrika ni miongoni mwa njia ambazo watu weusi hupata saratani ya ngozi, ambayo wangeweza kuikwepa. Mwarubaini wa kuogea sina ugomvi nao.

Wazazi wangu wote wana ngozi safi. Nimerithi wapi?

Karibu nusu ya wenye NF1 ndio wa kwanza katika ukoo wao. Hitilafu ilianza kwao, wakati mbegu au yai lilipoumbwa. Hakuna aliyekosa, na hilo si ushahidi wa mama kutoka nje ya ndoa. Nimeshuhudia nyumba mbili zikitikisika kwa dhana hiyo.

Kuanzia kwako lakini, hesabu inabadilika. Kila mtoto utakayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi, awe wa kiume au wa kike. Watu huielewa vibaya wakidhani wakizaa wanne watapata wawili wagonjwa na wawili wazima. Ni kama kurusha sarafu: kila mimba unarusha upya, na sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Tena uzito wake hautabiriki. Baba aweza kuwa na mabaka matupu, mwanawe akawa na uvimbe wa shingo.

Sisi tunaoana watoto wa ami. Kuna ubaya?

Kwa NF1, hakuna tofauti. Mzazi mmoja anatosha kuipitisha, awe ameoa binamu au ameoa Kisumu.

Kuna ugonjwa mwingine lakini ambao kwa huo swali lako ni la maana: zirodema pigmentosamu, kwa kifupi XP. Huu unahitaji nakala mbili za jeni mbovu, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye nakala moja ni mzima kabisa na hajui anayo. Watu wa damu moja wana uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba nakala ileile, ndiyo maana XP huonekana zaidi katika jamii zinazooana ndani kwa ndani, kama Afrika ya Kaskazini na nchi za Kiarabu. Wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina robo moja ya hatari. Simwambii mtu aache desturi ya kwao. Nasema kama katika ukoo kuna mtoto aliyewahi kuwa na ugonjwa huu, msiposane kabla ya kuzungumza na daktari.

Mwenye XP hana uwezo wa kurekebisha uharibifu ambao mwanga wa jua huufanya ndani ya seli. Sisi sote huharibika kila siku tunapovuka feri saa sita mchana, na seli hufanya ukarabati. Yeye uharibifu hurundikana. James Cleaver, mtafiti wa California, ndiye aliyeonyesha jambo hili mwaka 1968. Ugonjwa wenyewe ulielezwa miaka ya 1870 mjini Vienna na Moritz Kaposi, ambaye ni yuleyule wa ile saratani ya Kaposi niliyoitaja juu. Bwana huyu alikuwa na macho makali.

Kabla ya miaka 20, hatari yao ya saratani za kawaida za ngozi ni takriban mara 10,000 ya watu wengine, na ya melanoma, saratani ya seli za rangi ya ngozi, takriban mara 2,000. Saratani ya kwanza huweza kuja akiwa na miaka 9 hivi. Hiki ndicho kipeo cha magonjwa yote ya ukurasa huu, na ngozi nyeusi haimkingi.

Dalili za mwanzo: mtoto anaungua kwa jua dogo, au analia na kufumba macho akitolewa nje, au uso unajaa vidoadoa na ukavu kabla ya kutimiza miaka miwili. Wengine hawaungui kamwe, huota vidoadoa tu, na hao ndio hucheleweshwa.

Basi mtu wa XP anaishi vipi Mombasa, mji ulio digrii 4 tu kusini mwa ikweta?

Kwa kugeuza saa. Kucheza ni baada ya magharibi. Mikono mirefu, suruali, kofia pana, miwani ya jua inayoziba pembeni, krimu ya kukinga jua kila baada ya saa mbili hata siku ya mawingu ya kusi. Nguo iliyofumwa kwa kubana, kama kitambaa kizito cha buibui, hukinga. Leso iliyochakaa kwa kufuliwa haikingi. Ishike juu ya dirisha: ukiona nje, jua nalo linakuona.

Kioo cha kawaida cha gari au cha darasa hupitisha sehemu ya miale hiyo, kwa hiyo mtoto asikae dirishani, ama kibandikwe karatasi ya kuizuia. Mwalimu aambiwe mapema kuhusu paredi ya asubuhi. Na kwa kuwa anakwepa jua, apewe vitamini D. Ngozi yake yote, pamoja na kichwa, ulimi na kope, ikaguliwe na daktari kila miezi michache.

Na watu wenye ualbino?

Ualbino si ugonjwa wa uvimbe, ni ukosefu wa rangi. Lakini jua la Pwani huwaletea saratani ya ngozi kwa wingi, na kinga yake ni ileile. Nchini Kenya krimu ya kukinga jua hutolewa bure kwao kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Jisajili.

Kinyozi wangu amesema nina vinundu kichwani vinavyozidi kila nikija.

Mpe kinyozi huyo asante. Vinyozi na wasusi huona vichwa kuliko madaktari. Vinundu vya waridi au rangi ya ngozi, laini kama mpira, vinavyoota kichwani kuanzia ujana, pamoja na vidogo vilivyojipanga pembeni mwa pua, vinaweza kuwa ugonjwa wa Brooke-Spiegler. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 16 na iligunduliwa mwaka 2000. Huu nao mzazi mmoja anatosha kuupitisha, na wanawake mara nyingi huvipata kwa wingi zaidi.

Kugeuka saratani ni nadra, ila hutokea, hasa kwa kinundu cha zamani kichwani kinachoanza kutoa damu, kuchimbika kidonda au kukua ghafla. Anayejifunika kichwa kila siku asikose kukipapasa kila mwezi, na dadake amtazamie kisogo.

Daktari aliona vipele usoni mwangu, akaniagizia picha ya figo. Amechanganyikiwa?

Hajachanganyikiwa, huyo ni daktari anayejua kazi yake. Kuna magonjwa ambayo ngozi ni mlango tu, na shari iko chumbani.

Birt-Hogg-Dubé, uliopewa jina la madaktari watatu wa Kanada walioueleza mwaka 1977, huleta vipele vyeupe vidogo puani, mashavuni na shingoni baada ya miaka ya ishirini. Vipele havigeuki. Figo ndizo huota saratani, na mapafu huweza kupasuka na kuvuja hewa. Mtu wa ukoo huo akishikwa ghafla na kichomi na kukosa pumzi, hospitali iambiwe.

Kuna mwingine wenye vinundu vigumu vyekundu au vya kahawia mikononi na kifuani vinavyouma, hasa kwa baridi. Mgonjwa mmoja aliniambia akishika soda ya barafu bega zima humchoma. Wanawake wa ukoo huo hupata fibroidi nyingi za kizazi mapema sana, na baadhi yao saratani ya figo iliyo kali, inayosambaa ingali ndogo. Fibroidi ni jambo la kila nyumba hapa kwetu, kwa hiyo asiingiwe na hofu kila mwenye fibroidi. Ni zile zinazokuja pamoja na vinundu vinavyouma, au na historia ya figo katika ukoo.

Muir-Torre huleta kinundu cha manjano usoni au kwenye kope, kinachotoka kwenye tezi za mafuta, na nyuma yake kuna saratani ya utumbo mpana au ya mji wa mimba. Kinundu kimoja cha aina hiyo kikithibitishwa maabara, uliza: nani kwetu alikufa kwa tumbo, akiwa na miaka mingapi?

Na mimi nilitumwa kwenu na daktari wa meno.

Uvimbe wa maji unaojirudia ndani ya taya, hasa kwa kijana, huweza kuwa ishara ya kwanza ya ugonjwa wa Gorlin. Vitabu vinausimulia kwa picha za Wazungu waliojaa saratani usoni. Kwa watu weusi saratani hizo huwa chache, na taya ndiyo hutangulia. Vitobo vidogo viganjani ni dalili nyingine. Mwenye Gorlin akwepe tiba ya mionzi kadiri inavyowezekana, kwani mionzi humwotesha saratani nyingi mpya za ngozi mahali ilipopita.

Mwanangu ana kifafa na "chunusi" ingawa ana miaka sita.

Chunusi ni nadra sana kuja miaka sita. Vipele vyekundu vilivyotapakaa puani na mashavuni, kifafa, na madoa meupe yenye umbo la jani ni picha ya tuberasi sklerosisi. Saratani hapa ni nadra. Hatari ni kifafa chenyewe, uvimbe ndani ya ubongo, na uvimbe wa figo unaoweza kupasuka na kutoa damu. Dawa ya kupaka ya sirolimasi kwa vipele vya uso iliidhinishwa Marekani mwaka 2022.

Kuna tiba ya NF1 yenyewe?

Ya kuing'oa, hapana. Vinundu vidogo vinavyokera huweza kukatwa au kuchomwa kwa umeme au leza. Kwa ule uvimbe mkubwa usioweza kupasuliwa, Marekani iliidhinisha selumetinibu mwaka 2020 kwa watoto, na mirdametinibu mwaka 2025 kwa watoto na watu wazima. Husinyaza uvimbe kwa wengi, haziufuti, na bei yake haishikiki. Kwa hiyo yeyote anayekuuzia unga wa "kumaliza NF" Mwembe Tayari, mwache na unga wake.

Kipimo cha jeni si lazima kwa kila mtu. NF1 mara nyingi hutambuliwa kwa macho, rula na taa ya daktari wa macho.

Nianzie wapi, na nije na nini?

Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe upate barua ya rufaa ya kliniki ya ngozi. Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi bado tunaiita Makadara, ina wataalamu wa ngozi na kitengo cha saratani. Mambo ya SHA, bima ya afya ya serikali, yaulize kabla ya kipimo, si baada.

Vaa nguo rahisi kuvua. Usijipake mafuta wala hina siku hiyo. Beba majibu yote ya zamani ya maabara, na picha zako za utotoni, hata za harusi ya mtu mwingine uliyopigwa ukiwa mdogo, maana zinaonyesha vinundu vilianza lini. Kama kuna kinundu kimoja kinachokuuma au kinachokua, kizungushie kalamu kabla hujatoka nyumbani. Kati ya mia, daktari atapotea. Na njoo na mtu mzima wa kwenu anayejua nani alikufa kwa nini. Kijana mmoja alituapia kuwa kwao hakuna saratani, mpaka nyanyake, aliyekuwa amekaa kwenye benchi nje akingoja, akaitwa ndani na kuanza kuwahesabu kwa vidole.